Mshipi wa rili ya spini kwa minyoo ya plastiki: wavuvi wa besi tuelekezane hapa

#1 Mzee wa Visiki (Texas)

Wakuu, habari za wakati huu.

Maswali ya mshipi yamekuwa mengi humu, hasa kutoka kwa ndugu zetu waliohamia Marekani wakaonja utamu wa kuvua besi, yule samaki wa maji baridi mwenye domo pana. Mtu anajipinda, ananunua ufito wa bei kali na rili ya spini ya kueleweka, anajaza mkoba pakiti za minyoo ya plastiki za kila rangi, halafu kwenye mshipi anaokota chochote kinachoning'inia karibu na kaunta. Kwa maoni yangu hapo ndipo samaki wengi wanapopotelea. Kwa uvuvi huu wa plastiki laini mshipi una kazi kubwa kuliko ufito, na kama hela inatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua mshipi.

Chambo cha mbao au cha chuma kinavutwa, na mshipi unakuwa umekazika muda wote. Samaki akikivamia, mkono unajua. Mnyoo wa plastiki kazi yake kubwa ni kushuka. Chukua ule mnene wa inchi 5, Senko au wowote wa namna hiyo, usiutie chubwi, choma ndoana katikati ya mwili ili ncha zote mbili zibaki huru. Huku wanauita mtindo wa weki. Urushe ubavuni mwa kisiki, fungua mkono, acha. Unazama ukiwa umelala, ncha zinatetemeka, na mshipi uliolala juu ya maji unaingia ndani taratibu, kipande baada ya kipande. Ndipo utazame kwa makini. Mshipi ukiruka sentimita mbili tatu, ukianza kutembea kando bila sababu, au ukisimama kabla mnyoo haujafika chini, besi ameshaumeza. Yeye hatafuni. Anafungua domo, maji yanavutwa ndani na mnyoo unaenda nayo, na akihisi si chakula anautema papo hapo. Ufito wako hautakuambia kitu, kwa sababu mshipi umelegea. Unategemea macho, na kidole cha shahada kilichogusa mshipi mbele ya rili.

Kwa hiyo kabla hujauliza mshipi wa paundi ngapi, yaani nguvu yake, jiulize mambo mawili. Mshipi huu unauacha mnyoo ushuke kama inavyotakiwa? Na samaki akigusa, habari itanifikia?

Tuje kwenye aina zenyewe. Ziko tatu.

Mono ni nailoni ya nyuzi moja, ile tuliyokua nayo. Ni laini, fundo lake linashika vizuri, bei yake ni ya kila mtu. Lakini inavutika: inaweza kurefuka kwa robo hivi kabla ya kukatika, kwa hiyo samaki akigusa mbali nusu ya habari inamezwa njiani. Inanyonya maji na kulegea kidogo, na jua linaila.

Florokaboni ni nzito. Tukichukua maji kuwa 1, nailoni ni kama 1.14 na florokaboni ni 1.78, ndiyo maana inazama haraka. Kiwango chake cha kupinda mwanga ni 1.42, maji ni 1.33, nailoni inapita 1.5, kwa hiyo ndani ya maji ni vigumu zaidi kuiona. Hainyonyi maji na inavumilia kusuguliwa. Wengi wanadhani haivutiki. Inavutika, ila inataka nguvu zaidi ndipo ianze. Kasoro yake kubwa kwetu sisi wa spini ni ugumu. Rili ya spini inaachia mshipi kwa duara juu ya bobini (kile kigurudumu unapozungushiwa mshipi) iliyosimama, na mshipi mgumu unashika umbo la bobini, unaruka wenyewe kama machuma ya springi. Ukizidi paundi 8 kwenye rili ya ukubwa wa 2500, jiandae kukaa kwenye boti ukifumua mafundo badala ya kuvua.

Bredi ni mshipi wa kusukwa kwa nyuzi za polithini ngumu sana. Haivutiki kwa kiasi cha kuhesabika, ni nyembamba ajabu kwa nguvu yake, ni laini, haishiki umbo la bobini, kwa hiyo kwenye spini inatoka vizuri kuliko zote. Lakini inaelea (0.97), inaonekana, na ikisuguliwa kwenye jiwe lenye makali haikawii kukatika.

Ninachofunga mimi kwenye maji ya hapa, yenye rangi kidogo na visiki tele, ni bredi ya paundi 10 au 15, mbele yake lida, yaani kipande cha mshipi kati ya bredi na ndoana, ya florokaboni ya paundi 8 hadi 10, urefu wa kama ufito mmoja. Bredi inaleta habari, lida inaficha na kukinga. Bredi nachukua ya rangi ya njano inayowaka, kwa makusudi, nione ikiruka.

Karibuni tujadili.

#2 Kijana wa Garland

Mkuu umeshusha nondo. Mimi ndio naanza. Naomba kueleweshwa: kwenye pakiti ya bredi pameandikwa 10, halafu pembeni 2. Ipi ni ipi? Na muuzaji kaniambia nichukue ya 30 ili "isikatike". Halafu hiyo njano haimtishi samaki?

#3 Mzee wa Visiki

Karibu sana mdogo wangu. Ile 10 ni nguvu: inabeba paundi 10, kilo nne na nusu hivi. Ile 2 ni unene: ni nyembamba sawa na mono ya paundi 2. Kwa mfano bredi ya kampuni ya PowerPro ya 15 ina unene wa mono ya 4, ya 20 ni mono ya 6, ya 30 ni mono ya 8.

Sasa ona ushauri wa muuzaji. Ya 30 haitakatika, ni kweli, lakini umeongeza unene bila sababu. Upepo unaishika zaidi, mnyoo mwepesi hauendi mbali, na unashuka polepole kwa kuwa mshipi mnene unaoelea unauning'iniza. Ufito wa spini wa kuvulia plastiki hauwezi hata kutumia nguvu ya paundi 30. Breki ya rili unaiweka robo hadi theluthi ya nguvu ya sehemu dhaifu kuliko zote, na hapo sehemu dhaifu ni lida. Kwa lida ya 8, breki inaanza kuachia kwenye paundi 2 au 2 na nusu. Mshipi mzito kupita kiasi una tatizo jingine: ukinasa kwenye kisiki na kuvuta, kinachokatika huwezi kukichagua. Lida ikiwa dhaifu kuliko bredi, unapoteza ndoana na mnyoo tu.

Kuhusu njano: ndiyo maana kuna lida. Bredi inaishia mita mbili kutoka kwa mnyoo.

#4 Mama Zuhura MN

Mzee wa Visiki, shikamoo. Umeandika vizuri ila nina pingamizi kwa upande wetu huku Minnesota.

Maziwa yetu mengi ni maangavu, na mimi navua zaidi besi wa mdomo mdogo, wale wa Mille Lacs na kwingineko, kwenye kina cha futi 20 na kuendelea. Natumia dropshoti: chubwi iko chini kabisa, ndoana na kimnyoo kidogo viko juu yake kama futi moja. Hapo mshipi haulegei sana, uko wima kati yangu na chubwi. Nikifunga bredi na kaupepo kakavuma, bredi inaelea na kupinda, upinde mkubwa unatokea kati ya boti na chubwi, na ile habari unayoisifia inapita kwenye kona. Florokaboni tupu ya paundi 6 inazama yenyewe, inanyooka. Haina fundo la katikati. Kwa paundi 6 sijaona ule usumbufu wa kuruka kwenye bobini, mradi uinunue ile laini iliyotengenezwa kwa ajili ya rili na si ile ngumu ya lida.

Jambo la pili ni baridi. Mwezi wa kumi mwishoni, asubuhi kumeganda. Bredi inabeba maji kwenye msuko wake, inayamwaga kwenye pete za ufito, yanaganda pale pale. Baada ya muda pete zimeziba barafu na hurushi tena. Florokaboni hainyonyi maji, ina afadhali kubwa.

#5 Mzee wa Visiki

Marahaba dada. La barafu sina neno, nakubali moja kwa moja, na wenzetu wa kaskazini walisome hilo vizuri.

Kwenye dropshoti ya kina kirefu hoja yako ina uzito pia. Ningeongeza njia ya kati kwa asiyetaka kubadilisha mshipi wote: refusha lida. Badala ya mita mbili, weka mita tano au sita za florokaboni. Fundo litaingia hadi kwenye rili, kwa hiyo linatakiwa liwe jembamba, lakini sehemu kubwa ya mshipi ulio ndani ya maji itakuwa ile inayozama. Ukirusha, chovya ncha ya ufito majini na uzungushe rili mara chache, ule ulioelea juu unaingia chini ya upepo.

Ninachoshikilia ni kwamba kwa mtu mwenye ufito mmoja, anayevua weki leo, kesho anatia mnyoo kwenye ndoana ya Teksasi iliyofichwa ncha ili ipite kwenye majani, kesho kutwa kichwa kidogo cha nedi (ndoana yenye chubwi ndogo kichwani), bredi na lida inamfaa zaidi. Anabadilisha lida tu. Florokaboni tupu inataka ufito wake wa peke yake.

#6 Mama Zuhura MN

Kwa mwenye ufito mmoja, sawa, nakuunga mkono. Wengi huku tunakuwa na miwili.

#7 Mwana wa Karagita (Naivasha)

Wadau, msisahau kwamba besi yuko nyumbani pia. Hapa Naivasha aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, kwa ajili ya uvuvi wa michezo, na bado yupo. Tangu mwaka 1970 walipoletwa kamba wa maji baridi, wale wekundu wa Louisiana, amekuwa na chakula cha kupendwa. Wavuvi wa nyavu wanategemea samaki wengine kama kapu (carp), ila ukiingia na boti na plastiki ya rangi ya kahawia yenye mikono kama ya kamba, besi utamwona.

Maji yetu si maangavu. Yana udongo, na yamepanda sana miaka ya karibuni, yameingia hadi kwenye miti, ikabaki imesimama imekufa majini. Kuna mafunjo, kuna gugu maji linalosukumwa na upepo, leo liko hapa, kesho limefunga mlango wa ghuba. Kwa hali hiyo mimi sihangaiki na kuficha mshipi. Natumia bredi ya paundi 20 tupu, nafunga ndoana moja kwa moja. Samaki akizama kwenye mizizi ya gugu maji, bredi inakata ile mizizi laini. Mono inajifunga humo na kubaki.

Tahadhari kwa anayepanga kuja: usivue ukiwa umesimama ukingoni penye mafunjo, hasa asubuhi na jioni. Viboko wapo. Chukua boti na mtu anayelijua ziwa, na ukate leseni ya uvuvi wa michezo mapema.

Swali langu kwa wakuu: bredi hapa haipatikani ovyo, nyingi inaletwa na wageni au ndugu wakija. Dukani iko nailoni tu. Vijana wangu watumie ipi?

#8 Mzee wa Visiki

Shukrani kaka, hiyo picha ya Naivasha imenifurahisha. Kwa maji kama hayo uko sahihi, sina cha kukurekebisha. Ningefikiria tu kipande kifupi cha mono au florokaboni nene, paundi 15 hivi, pale kwenye hiyo miti iliyokufa. Gome linasugua bredi nyembamba, na bredi laini sana inajisokota kwenye ndoana.

Nailoni itawavulisha vijana bila shaka yoyote. Chukua ya paundi 8, ile laini. Ya 10 iwe ndiyo mwisho kwenye spini. Mambo ya kuzingatia ni haya. Kwa kuwa inavutika, wasikaze kwa mkono mfupi. Mshipi ukiruka, wanyooshe ufito mbele, wazungushe rili mpaka waone umekaza, halafu wafagie ufito pembeni kwa nguvu moja ndefu. Ndoana iwe nyembamba na yenye ncha kali, maana ndoana nene ikiendeshwa na mshipi unaovutika haiingii kwenye domo la besi. Tena wasirushe mbali sana. Mita 15 kwa nailoni ni uvuvi mzuri. Mita 35 ni kubahatisha. Mshipi wenyewe usiachwe juani, na ukianza kuwa mkavu na mweupe mweupe, toa.

Na nailoni ina sehemu moja inayoishinda bredi: chambo cha juu ya maji. Lakini hiyo ni mada nyingine.

#9 Fundi wa St. Clair

Nawasalimu kutoka Michigan. Hakuna aliyetaja kome.

Ziwa St. Clair ndiko kome wa pundamilia walikogunduliwa kwa mara ya kwanza Marekani ya Kaskazini, mwaka 1988, na tangu hapo wamesambaa maziwa mengi, hata huko Texas wapo. Wanajishikiza kwenye mawe, nguzo za gati, minyororo, kila kitu kigumu. Gamba la kome lina makali ya wembe. Bredi ya paundi 15 ikipita hapo huku imekazwa na samaki, inakatika kama haikuwepo.

Kwa hiyo huku lida si ya kuficha tu. Paundi 10 florokaboni, na baada ya kila samaki napitisha mita ya mwisho kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole. Ukisikia mkwaruzo wowote, hata kidogo, kata, funga upya. Usijionee huruma kwa sentimita 40 za lida. Samaki mkubwa atakutana na huo mkwaruzo kabla yako.

#10 Kijana wa Garland

Nimeelewa sana wakuu. Sasa mafundo. Nimefunga bredi kwenye rili mpya, nikavuta, bobini nzima ya mshipi inazunguka yenyewe, breki haifanyi kazi. Rili mbovu?

#11 Fundi wa St. Clair

Rili nzima kabisa. Bredi inateleza, imejizungusha juu ya chuma bila kushika. Itoe yote, anza na mizunguko kadhaa ya mono chini, funga bredi juu yake. Au bandika kipande kidogo cha plasta kwenye bobini kwanza. Bobini nyingi za sasa zina ukanda wa raba kwa kazi hiyo. Kama yako haina, fanya hivyo. Mono ya chini inakuokolea pia hela, kwa sababu bredi ya mita 100 na kitu inatosha kabisa.

Jaza hadi milimita 3 hivi chini ya ukingo wa bobini. Ukipungukiwa sana, mshipi unasugua ukingo na hauendi mbali. Ukijaza mpaka juu, unamwagika kwa mafungu.

Kuunganisha bredi na lida, fundo la FG ndilo jembamba kuliko mengine, linapita kwenye pete bila kugonga, ila linataka mazoezi nyumbani mezani, si kwenye boti inayoyumba. Wakati unajifunza, funga fundo la uni mbili zinazokutana. Ni nene kidogo lakini halitakuangusha. Kwenye ndoana, funga fundo la Palomar. Na kila fundo la florokaboni lilowanishe kwa mate kabla ya kulivuta, livute taratibu. Joto la msuguano linaidhoofisha florokaboni pale pale penye fundo, utaona imejikunja na kuwa nyeupe. Ukiona hivyo kata.

#12 Mzee wa Visiki

Hapo Fundi amemaliza. Naongeza moja linalosababisha mafundo mengi ya bredi kwenye spini. Ukisharusha, kile kiwaya cha rili kinachoelekeza mshipi kwenye bobini kifunge kwa mkono, usikifunge kwa kuzungusha mpini. Halafu vuta mshipi kidogo kwa vidole ukaze kabla ya kuanza kukusanya. Ukizungusha huku umelegea, kitanzi kimoja kinakaa juu ya bobini, na mrusho unaofuata kinabeba wenzake kumi.

Na kwa kuwa mnyoo wa plastiki unafundisha mikono kulegeza, tatizo hili linatupata zaidi sisi kuliko wavuta chuma.

#13 Mama Zuhura MN

Kijana, usisahau pia msokoto. Mnyoo wa weki unajizungusha unapoukusanya haraka. Ukiona mshipi unajikunja wenyewe, na uko kwenye boti, toa chambo, achia mshipi mtupu nyuma ya boti ikienda polepole, mita 50 hivi, kisha ukusanye huku umeubana kwa vidole. Unajinyoosha wenyewe.

#14 Kijana wa Garland

Asanteni sana wakubwa zangu. Nimekwenda dukani leo. Nimechukua bredi ya 10 ya njano, lida ya florokaboni paundi 8, na mono ya bei ya chini ya kuweka chini ya bobini. Ile ya 30 nimeirudisha. Swali la mwisho: huu mshipi wa zamani niliotoa, naweza kuutupa tu?

#15 Mwana wa Karagita (Naivasha)

Usiutupe ziwani wala ufukweni, kaka. Hapa kwetu ndege wa majini wanajifunga miguu kwenye nailoni, wanakufa wakining'inia kwenye mafunjo. Kata vipande vifupi kwanza, kisha weka kwenye takataka za nyumbani.

#16 Mzee wa Visiki

Kwenye gati nyingi huku utakuta bomba la plastiki lililosimama, limeandikwa kwamba ni la kukusanya mishipi. Weka humo mono na florokaboni, vinayeyushwa na kutumika tena. Bredi usiiweke humo, haichanganyiki na hivyo. Ikate kwa mkasi kama alivyosema Karagita, itie kwenye mfuko uliofungwa.

Kesho ukienda, Garland, anza kwenye gati la zege lenye kivuli upande wa magharibi. Mnyoo wa kijani iliyoiva, ndoana namba 1/0, bila chubwi. Tupia ndani kabisa ya kivuli, na usiguse mpini mpaka mshipi wa njano uache kuingia majini.